Mashini ya zahabu inalia, lakini haisemi ni nini

GPZ 7000 ya Minelab, iliyotoka mwaka 2015, inauzwa maelfu ya dola. Kule Australia, wanaotafuta zahabu kwa kujifurahisha wanaisifu: inasikia zahabu ya chini sana, hata mu udongo wenye chuma. Lakini haitenganishi zahabu na chuma. Ikilia wanachimba, na mara mingi wanatoa msumari ao maganda ya masasi. Kwao hasara ni jasho tu. Huku Mashariki, pahali vita ilipita, kile kinacholia kinaweza kuwa bombi. Tena unga wa zahabu, ule unaosafishwa mtoni, haiusikii. Basi, mbele ya kuuza ngombe juu ya mashini, mtu aulize kwanza wazee: hapa palipigwa vita?