Wapeni wakimbizi jembe, na vyama vyao fungu

MTAANI KWETU
Na Rehema Mwakio

Kila nikigusia wakimbizi katika safu hii, hakosi msomaji wa kuniuliza: "Kwani kazi ya kuwatunza si ya Umoja wa Mataifa?" Zamani ningemjibu ndiyo, tukaachana kwa amani. Siku hizi jibu hilo halitoshi. Katikati ya mwaka 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab hadi chini ya theluthi ya kiwango kinachohitajika. Hata zile pesa za Bamba Chakula, ambazo familia zilizoea kupokea kwa simu, zikakatika. Wafadhili wamekunja mikono.

Miezi michache kabla ya hapo, mnamo Machi, Rais William Ruto alikuwa amezindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi hizo kuwa miji ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, zahanati moja na soko moja. Ni mpango mzuri na ninauunga mkono. Lakini njaa haisubiri mpango ukamilike. Je, kwa sasa ni nani anayemshika mkono mgeni? Kwa ninavyoona mimi, si ofisi yenye bendera mlangoni. Ni vyama vidogo vya wakimbizi wenyewe, vinavyoendeshwa kwa michango na daftari.

Chukua chama kimoja cha akina mama wa Kikongo hapa Nairobi, upande wa Kayole. Hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha kupanga nyuma ya kanisa. Mweka hazina ana daftari lililochakaa pembe na simu ya vibonyezo. Laini ya simu hiyo imesajiliwa kwa jina la jirani Mkenya, kwa kuwa kitambulisho chake cha mkimbizi kilikataliwa dukani. Tangu waasi wa M23 watwae miji ya Goma na Bukavu huko Kongo mapema mwaka 2025, wageni wamezidi kubisha hodi. Mgeni akifika na mfuko wake wa plastiki uliojaa karatasi, mama mmoja mzoefu huzimwaga mezani na kuanza kuzipanga. "Hii utaenda nayo Shauri Moyo ukajiandikishe, dada. Hii toa kopi, yenyewe uifiche. Na mtu akikwambia umpe chochote akuharakishie, usimpe."

Jumatatu mwanachama mwingine huongozana na mgeni huyo hadi shuleni, maana anajua mwalimu mkuu ataulizia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na anajua la kumjibu. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi miwili mbele, chama humdhamini mgeni kwa mwezi mmoja. Haupiti muda mrefu utamkuta anasuka nywele kibarazani au anatandaza vitenge kando ya barabara, na Jumamosi anachanga kama wenzake. Gunia la unga lisingemfikisha hapo.

Vyama vya namna hii vikipata upenyo hukua. Kampala, vijana wa Kikongo walianzisha chama kiitwacho YARID mwaka 2007 wakijikusanya kwa kandanda na mazungumzo. Wakaja kufundisha Kiingereza, kisha ushonaji na kazi nyingine za mikono, na mwaka 2016 wakatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ockenden. Walisaidiwa pia na sheria ya Uganda ya 2006, inayomruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi.

Hapa kwetu yupo Abdullahi Mire, aliyekulia Dadaab baada ya familia yake kukimbia Somalia. Alipata makao Norway, lakini akarudi. Msichana mmoja kambini alimwomba amnunulie kitabu cha biolojia, kwa sababu alitaka kuwa daktari. Ombi hilo lilizaa shirika la vijana ambalo limepeleka vitabu 100,000 kambini na kufungua maktaba. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa wenyewe ulimpa Tuzo ya Nansen, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi za wakimbizi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991 na Kakuma 1992. Hiyo siku ya tatu imechelewa kwa zaidi ya miaka thelathini. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilileta matumaini, kwani inamtambua mkimbizi kuwa mtu anayeweza kufanya kazi na kujitegemea. Hata hivyo, kibali cha kazi cha daraja la M hupatikana kwa mbinde, na anayetaka kutoka kambini bado lazima aombe ruhusa. Pamoja na vizuizi vyote hivyo, utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulikuta Kakuma na mji wake una maduka zaidi ya 2,000 na uchumi wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Watu hawa hawakungoja jembe letu. Walilichonga wenyewe.

Mwaka 2016, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa za misaada ya kibinadamu ingekwenda kwa mashirika ya wenyeji wa mahali penye shida. Muda ulipita na robo haikuonekana. Pesa hutoka kwa mfadhili, hupitia shirika kubwa, hupitia mshirika wake, na kila kituo hukata chake cha ofisi na magari. Zikifika mwisho wa safari zinamkuta mkimbizi anayefanya kazi yenyewe, yule anayetafsiri hospitalini na kubisha mlango kwa mlango, akilipwa posho isiyofikia hata nusu ya mshahara wa Mkenya aliyeketi karibu naye.

Najua nitakalojibiwa. Vyama hivi vina ukabila. Vingine ni vya mkobani, mwenyekiti ndiye katibu na ndiye mweka hazina. Ni kweli, vipo. Lakini ugonjwa huo tunaujua tangu enzi za harambee zetu, na hatukuwahi kuutibu kwa kuwanyima Wakenya wote haki ya kuchanga. Anza na pesa kidogo. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama, mkaguzi aje bila taarifa, na chama kinachokula kikatwe. Weka wenyeji kwenye kamati pia. Mturkana anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji ana haki ya kununa akiona kisima kimechimbwa upande wa pili wa ua. Akiwa na kiti kwenye kamati ya kisima hicho, hana sababu ya kununa.

Kakuma na Dadaab sasa ni manispaa, na manispaa ina bajeti. Basi serikali za kaunti za Turkana na Garissa zitenge humo fungu linalokwenda moja kwa moja kwa vyama vya wakimbizi na wenyeji vilivyosajiliwa, na usajili wenyewe ukubali kitambulisho cha mkimbizi bila mizunguko. Benki na kampuni za simu ziagizwe hivyo hivyo, ili mweka hazina wa Kayole atunze pesa za wenzake kwa jina lake mwenyewe. Haya hayahitaji sheria mpya wala mfadhili mpya. Mwaka wa fedha huanza Julai. Bajeti zikitoka tutazipekua hapa, mstari kwa mstari, na asiyekuwa na fungu hilo nitamtaja.