Usimalize nauli kabla hujaiona bahari

Kila Maulidi ya Lamu inapokaribia, simu za watu wa Ozi, Kilelengwani na Kipini huanza kuingia ujumbe wa aina moja: "Tuma nauli yote leo nikuwekee nafasi, chombo kinajaa." Huja pia wakati wa harusi, na siku za maziko ya ghafla, wakati ambao mtu hana hata nafasi ya kufikiri. Mimi ni mtu wa Ozi, nimepanda vyombo vya kwenda Lamu tangu utotoni, na maoni yangu ni haya: usitume yote.

Pengine utashangaa kusikia hivyo kutoka kwa kampuni ambayo kazi yake ni kutuma pesa. Lakini jambo lenyewe halina siri. Pesa iliyokwisha kwenda hukuvuta shati. Unafika ufukweni Kipini, unaona mlango wa mto umeanza kuwa mweupe kwa mapovu, chombo kimekalia maji mpaka ukingoni, na abiria bado wanaitwa. Ambaye hajalipa hugeuza njia akarudi kwake. Aliyelipa nusu huguna, halafu naye akarudi. Aliyelipa yote hujiambia, "Ah, Mungu yupo," akapanda. Si kwamba huyu ni mjinga kuliko wale wawili. Nauli yake iko mfukoni mwa mtu mwingine, na akikataa safari ndiyo imekwenda hiyo.

Tunayo ya kukumbuka. Aprili 2024, wakati wa mafuriko, mashua iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda, huko Madogo katika kaunti yetu hii hii, ilizama na watu wakafa. Jirani zetu wa Zanzibar walipoteza watu kwenye MV Spice Islander mnamo Septemba 2011, usiku, njiani kwenda Pemba. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria mia sita na kitu, na hadi leo idadi ya waliokuwemo inabishaniwa kwa sababu walipanda wengi kuliko walioandikwa. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali. Siwezi kusema nani kati ya wale alikwisha lipa na nani hakulipa. Ninachosema ni kwamba chombo kilichojaa kupita kiasi, na msimu mbaya, huonekana kwa macho kabla ya kung'oa nanga. Macho hayo hayana faida ukiwa umeshajifunga mikono kwa malipo.

Sasa tuje kwenye kulinganisha, maana hapa watu wengi hulinganisha kitu kimoja tu: nauli. Hebu tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za kuonyesha tu. Chombo cha kwanza kinataka shilingi 800 kwa kichwa, cha pili 1,300. Cha kwanza kinaondoka "tukijaa". Unashinda juani Kipini, unakula cha mchana cha 250, maji yanapwa, nahodha anasema tulale tuondoke kesho. Kitanda 500, chai na mahamri 100, na ada ya kutoa pesa mara ya pili kwa wakala kwa sababu uliyokuja nayo imekwisha. Tayari umepita 1,650 na hujalowesha hata unyayo. Cha pili kinaondoka na maji ya asubuhi, na alasiri uko Lamu kwa shangazi yako unapewa wali. Kipi rahisi? Kwa hiyo ukipewa bei, uliza: kutoka mlangoni kwangu Ozi mpaka mlango ninaokwenda, nitatumia ngapi kwa jumla, na nitalala wapi usiku wa katikati? Watu wanaopanda zile meli kubwa za starehe zinazotia nanga Mombasa nao wana mashaka hayo hayo. Bei ya chumba inaweza kuwa nzuri, halafu vinywaji, matembezi ya bandarini na bakshishi vikaja juu yake. Bahari ni moja.

Mambo mawili hayaandikwi kwenye ujumbe wowote wa nauli, nayo ndiyo huamua kama safari ni rahisi au ghali. La kwanza ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne, saa tano. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa nzima. Zikifika siku za maji mafu, tarehe 8 au 22 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa kama saa nne, saa tano. Ukiwa na kalenda ya mfungo ukutani unaweza kupiga hesabu hiyo bila intaneti. Nahodha akikwambia tarehe 15 kwamba atatoka Kipini saa tano asubuhi, muulize atapitaje mlangoni maji yakiwa yamekupwa. Jibu lake litakufundisha mengi juu yake.

La pili ni upepo. Kusi huvuma tangu Aprili mpaka Septemba au Oktoba, na huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Maji ya mto yakitoka na mawimbi ya kusi yakiingia, pale yanapokutana mlangoni husimama kama ukuta. Ukishatoka nje upepo uko mgongoni, Lamu inakuja yenyewe. Kurudi ndiyo shughuli. Ni zaidi ya kilomita 50 uso kwa uso na upepo, mafuta yanakwenda, na nauli ya kurudi inapanda au nahodha anasema tungoje. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na bahari kwa jumla huwa tulivu zaidi. Ndiyo maana ninasema mtu asilinganishe vyombo viwili kabla ya kulinganisha miezi miwili.

Na hapa Maulidi inatutia mtegoni, jambo ambalo sijasikia likisemwa sana. Mfungo Sita hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya ofisini. Miaka hii unaangukia Agosti na Septemba. Miaka michache ijayo utakuwa Julai, katikati ya kusi kabisa. Wazee waliokuwa wakisema "Maulidi tulikwenda kwa bahari kama tunatembea uani" walikuwa wakisema kweli, lakini Maulidi yao ilikuwa kwenye msimu mwingine. Sherehe za Lamu zikiwa wiki ya mwisho ya mwezi, kwenda kwako kutakuwa kwenye maji mafu, yanayojaa kama saa nne, na kurudi kwako karibu na mwezi mwandamo, kwenye bamvua. Safari mbili tofauti kabisa, nawe umelipia kama moja.

Basi kwa nini usipande gari? Swali zuri, na kwa miezi ya kusi jibu langu ni: panda gari. Tangu barabara ya Garsen, Witu na Lamu iwekwe lami, mtu wa Ozi anayeweza kufika Witu hana sababu kubwa ya kupita baharini mwezi wa Julai. Boda mpaka Kipini, gari mpaka Witu, gari mpaka Mokowe, na kipande kifupi cha boti mpaka Lamu. Utasimama kwenye vizuizi vya polisi, kitambulisho mkononi, na njia ya Kipini kwenda Witu mvua ikinyesha ina maneno yake. Mwenye mizigo ya maembe au magunia ya mpunga atanicheka, maana gari litamtoza kila gunia na Mokowe atalipa wapagazi tena. Kwake bahari bado ina maana, na ni huyo hasa anayepaswa kusikiliza haya ya malipo.

Ninavyolipa mimi ni hivi. Kwanza nauliza chombo, si bei. Kina namba ya usajili ubavuni? Mamlaka ya bahari, KMA, husajili na kukagua vyombo vidogo, na nahodha mwenye leseni hatachukia kuulizwa. Jaketi za kuokolea ziko ngapi, na ziko chomboni au nyumbani kwa mwenye chombo? Majina ya abiria yanaandikwa? Yule anayejibu "wewe njoo tu" simtumii hata shilingi 50 ya kumsalimu.

Nikiridhika, natuma theluthi moja. Si zaidi. Kiasi ambacho nikikiacha Kipini nikarudi nyumbani nitasikitika jioni moja tu. Theluthi ya pili nalipa nikiwa ufukweni, nimeshaona maji, nimeshahesabu vichwa. Iliyobaki nalipa mguu ukikanyaga Lamu. Kuna mtu aliniambia huo ni ubahili. Nilimwambia, na fundi wa nyumba unamlipa yote kabla hajachimba msingi?

Unapotuma, simu itakuonyesha jina kabla hujathibitisha. Lisome. Kama umeambiwa mwenye chombo ni fulani na jina linakuja la mtu mwingine, simama, piga simu, uliza. Kama ana namba ya biashara, ile tunayoiita tili, lipa hapo. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayamkati mlipaji ada, na mtu hawezi kukwambia "weka na ya kutolea." Hiyo ya kutolea, mkiwa abiria 20 na kila mmoja akaongeza, ni pesa nzuri inayoondoka bila yeyote kuihesabu.

Na tafadhali, lielewe hili vizuri kwa sababu ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa: kurudishiwa pesa ni kwa ajili ya makosa ya kutuma. Umekosea tarakimu, pesa imekwenda kwa mtu usiyemjua, unaomba irudishwe, na kama bado iko kwenye laini yake kuna matumaini. Lakini ukimtumia nahodha uliyemkusudia, kiasi ulichokikusudia, halafu chombo kisiondoke, hilo si kosa la kutuma. Ni deni kati yako na yeye. Hakuna kitufe cha kulirudisha. Theluthi unaweza kuidai kwa miezi mitatu bila kuumwa kichwa, nauli ya familia nzima itakunyima usingizi.

Usifute ujumbe wa malipo. Una jina, kiasi, saa na namba ya muamala, na kwa mzee wa mtaa au polisi una uzito kuliko kiapo. Mimi huutuma kwa ndugu yangu aliyebaki nyumbani, pamoja na jina la chombo. Likitokea lolote, kuna mtu bara anayejua nilikuwa ndani ya kipi. Na ufanye hivyo ukiwa bado Kipini, maana huko nje mtandao hukatika. Chukua pia taslimu kidogo ndani ya nailoni. Siku ya safari wakala akiishiwa floti, salio lako kubwa kwenye simu halinunui hata maandazi.

Manahodha watanisoma na kununa, na wana hoja. Petroli hainunuliwi kwa ahadi. Mwenye chombo akikusanya theluthi theluthi, abiria kumi wakaghairi asubuhi, hasara ni yake na watoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Nakubali. Kwa hiyo kama anasema theluthi haitoshi mafuta, mwambie akuonyeshe hesabu ya mafuta ya safari, mgawane kwa vichwa, na hiyo ndiyo iwe malipo ya kwanza, hata ikifika nusu. Ukighairi kwa sababu zako, umekula hasara yako. Akighairi yeye kwa sababu ya bahari, petroli bado iko kwenye dumu na safari ni ya kesho. Nahodha aliyekomaa hupenda mpango huu kuliko wanavyodhani watu, kwa sababu humpa nafasi naye ya kusema "leo hapana" bila abiria 30 kumdai pesa ambazo ameshazitumia. Akishazila zote, hata yeye hawezi tena kuikataa bahari.

Kwa safari za kundi, za Maulidi au za kumpeleka bibi harusi, kamati ichague mtu mmoja wa kulipa, na asiwe jamaa wa mwenye chombo. Michango iingie kwake kabla ya siku tatu, na ujumbe wa kila malipo usomwe kwa sauti kwenye kundi, jina na kiasi. Na ile theluthi ya mwisho akae nayo mtu atakayekuwa chomboni, si aliyebaki Ozi, ili wakishuka Lamu ilipwe pale pale gatini kabla mizigo haijatawanyika. Ya kurudi ikae kwenye laini nyingine kabisa, isiguswe kwa vitumbua vya Mkomani wala kofia za mkono, mpaka mwezi uonekane na upepo ujulikane.