Ruzuku ya Usafiri Imfikie Atembeaye

Alfajiri na mapema, reli ipitayo Kibera huwa imekwisha kugeuka njia ya miguu. Wakazi wa Laini Saba huifuata wakielekea Eneo la Viwanda kutafuta riziki. Hawatembei kwa kupenda. Nauli ya kwenda na kurudi humega ujira wa kibarua, na mvua inyeshapo utingo huipandisha papo hapo.

Je, yafaa serikali igharimie sehemu ya usafiri wa umma? Wanaopinga hutukumbusha Shirika la Mabasi ya Nyayo, lililoanzishwa mwaka 1986 kwa nauli nafuu, likaporomoka katika miaka ya tisini. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, shirika lile liliangushwa na ubadhirifu na usimamizi mbaya; mwizi akiiba ghalani, hatuachi kulima.

Isitoshe, ruzuku si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 2021 na 2022 serikali ilitumia mabilioni ya shilingi kupunguza makali ya bei ya mafuta. Ilipoondoa ruzuku ya petroli Septemba 2022, lita moja jijini Nairobi ilifika Sh179.30. Tujiulize basi: ni nani aliyefaidi zaidi? Mwenye gari kubwa alipata fungu nono kila alipojaza tangi. Mwenye matatu alipata lake. Yule atembeaye relini hakupata hata senti moja mkononi, ilhali naye hulipa kodi kila anunuapo sabuni.

Kwa hivyo, swali halisi ni ruzuku impe nani. Tangu matatu ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1973, usafiri wa jiji umebebwa zaidi na watu binafsi. Hatuwabezi, lakini mfanyabiashara hufuata faida. Serikali na iingie nao mikataba: walipwe kwa safari walizofanya kwa nauli iliyokubaliwa, na hesabu zichapishwe kila mwaka. Treni za abiria nazo ziongezwe, maana reli tayari inapita mlangoni pa Laini Saba. Zaidi ya yote, zijengwe njia salama za waendao kwa miguu.

Walimu na wanafunzi walijadili suala hili madarasani. Fedha zitokazo kwa wote hazistahili kuishia katika matangi ya wachache.