Ving'amuzi Vinazidi, Masharti Yako Wapi?

Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya televisheni ya Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuitwaa MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye ving'amuzi vya DStv. Habari hiyo ilisomwa zaidi na wafanyabiashara wa hisa, na huenda ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi waliipita upesi wakitafuta matokeo ya mpira. Sisi twaona haikustahili kupitwa. Kampuni moja sasa ina wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi zipatazo 70, na katika bara letu imeshika kwa pamoja njia ya Kifaransa na njia ya Kiingereza. Askari aliye kantini Gitega na mwenziwe aliyemaliza zamu Muyinga, ingawa kila mmoja ana kisanduku chenye jina lake, kumbe waweza kuwa wanamlipa tajiri mmoja.

Tajiri huyo hakuzaliwa mkubwa. Canal+ ilianza kurusha matangazo tarehe 4 Novemba 1984, ikiwa ndiyo televisheni ya kwanza ya kulipia nchini Ufaransa. Mwaka huohuo wa 1984 ndipo televisheni ya taifa letu ilipoanza. Hatusemi hivyo ili kuwalinganisha wawili hao, kwani mmoja alizaliwa katika nchi tajiri na mwingine katika nchi ya wakulima. Twasema ili ieleweke kwamba ukubwa huu ni kazi ya miaka arobaini tu, na kwamba wapo kati ya maofisa wetu walioshuhudia kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Namna ilivyokua yafaa itazamwe kwa makini. Haikutosheka na kuuza picha za watu wengine, bali ilitengeneza zake, na tawi lake la StudioCanal likawa miongoni mwa nyumba kubwa za sinema za Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliingia Afrika ya Magharibi kwa jina la Canal Horizons. Mwaka 2014 ilianzisha kutoka Abidjan chaneli ya A+, yenye michezo ya Kiafrika. Mwaka 2019 ilinunua studio za ROK za Nigeria. Mwaka 2022 ikafika mlangoni petu, ikainunua Zacu ya Kigali, watengenezaji wa tamthilia za Kinyarwanda. Kwa mtu wa Muyinga, mkoa wa zamani ambao tangu 2025 umo ndani ya Buhumuza, Kinyarwanda si lugha ya kutafutiwa mkalimani. Kampuni ya Paris imejua kumtolea hadithi katika maneno anayoyaelewa kabla sisi wenyewe hatujamtolea za kumtosha katika Kirundi na Kiswahili.

Hatuwalaumu. Mfanyabiashara hufuata soko, na askari aliyechoka ana haki ya kustarehe kwa fedha yake. Tunachouliza ni masharti.

Serikali ya Ufaransa haikuiacha Canal+ ikue ovyo. Tangu mwanzo iliipa kibali kwa sharti kwamba sehemu ya mapato yake iende katika kutengeneza sinema za Kifaransa, na hata katika mapatano ya Machi 2025 na wenye sinema kampuni iliahidi si chini ya euro milioni 480 kwa miaka mitatu. Afrika Kusini nayo ilifanya vivyo hivyo. Sheria yake haimruhusu mgeni kushika zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni ya utangazaji, hivyo leseni ya MultiChoice ilibidi itengwe katika kampuni ya peke yake iliyo mikononi mwa Waafrika Kusini. Na baraza la ushindani, lilipoidhinisha ununuzi huo Julai 2025, liliandika ahadi za manufaa ya umma zenye thamani ya randi bilioni 26 hivi kwa miaka mitatu, pamoja na kutowafukuza wafanyakazi katika muda huo. Kampuni haikukimbia. Ilitia sahihi, ikalipa, ikaendelea kukua.

Basi na sisi tuna haki ya kuuliza: kila kisanduku kinachouzwa Gitega kinaacha nini Gitega, zaidi ya kamisheni ya mwenye duka? Burundi ni soko dogo, hilo hatulikatai, na mdogo akienda peke yake mezani hupewa makombo. Lakini tangu 2007 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu 2021 jumuiya hiyo imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Nchi za jumuiya zikidai kwa sauti moja kwamba anayeuza picha kwa Kiswahili atengeneze sehemu ya picha hizo miongoni mwa wasemaji wa lugha hiyo, hakuna tajiri atakayejifanya hasikii.

Mfano wa karibu upo. Azam ya Dar es Salaam ilianza televisheni yake mwishoni mwa 2013. Mwaka 2021 iliahidi shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa miaka kumi ili kuonyesha ligi kuu ya nchi hiyo, na fedha hizo zinabaki katika viwanja vya jirani zetu. Mrundi mwenzetu Amissi Tambwe aliwahi kuwa mfungaji bora wa ligi hiyo mara mbili, akiwa na Simba na baadaye Yanga. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Hata hivyo tulimtazama katika kioo cha Tanzania.

Sasa tuseme linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Canal+ ilitengeneza tamthilia ya polisi wa Paris iitwayo Engrenages, iliyodumu kutoka 2005 hadi 2020 na kuuzwa katika nchi nyingi. Polisi wake si malaika. Wanakosea, wanagombana, wanachelewa kurudi nyumbani, na ndiyo sababu raia waliwapenda. Ilitengeneza pia Le Bureau des légendes, ya majasusi wa Ufaransa, na idara yenyewe ya DGSE, ambayo kwa kawaida haimfungulii mtu dirisha, ilikubali kuwapokea watengenezaji. Siri za nchi hazikumwagika, na vijana wengi wakaanza kutamani kazi ile.

Jeshi letu lilipeleka askari Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024. Miaka kumi na saba! Ni tamthilia ngapi ambamo askari wa Burundi ndiye mhusika mkuu, mwenye mama huko Muyinga anayengoja simu? Waandishi hatukuwakosa. Tamthilia ya redio ya Umubanyi niwe muryango, aliyoianza kuiandika Marie-Louise Sibazuri mwaka 1997 kwa Studio Ijambo, iliwakalisha Wahutu na Watutsi kando ya redio moja wakati vita vikiendelea. Kipaji kilichoweza hayo kwa sauti peke yake kitashindwaje kikipewa picha?

Kijana wa Gitega akisimamisha kamera barabarani, mara nyingi wa kwanza kumfikia ni mwenye sare. Kazi ya kulinda ina haki yake, maana mahali pengine hapapigwi picha hata kidogo. Ila tungependa katika kila kikosi awepo ofisa mmoja anayejua barua ya ruhusa inafananaje, inatolewa na nani, na inakomea wapi, ili mwenye barua asizungushwe siku tatu na asiye nayo aelezwe pa kuiomba. Tungependa pia wakuu wa majeshi wateue watu wa kuwashauri waandishi wa michezo juu ya cheo, salamu na silaha, kwa kuwa mambo hayo yakionyeshwa vibaya anayechekwa ni askari.

Kilomita chache kaskazini ya Gitega kipo Gishora, ambapo Mwami Mwezi Gisabo aliweka boma lake baada ya kumshinda chifu mwasi Ntibirangwa. Ngoma zingali zikipigwa pale, na ngoma za kifalme za Burundi zimo katika orodha ya UNESCO tangu 2014. Ni hadithi ya vita, uasi na ushindi, ya kumtosha mtengenezaji yeyote. Kabla msafara wa magari ya Paris haujafika kuitafuta, twaomba vijana wa pale wafunguliwe njia kwanza.