Sehemu ya 6: Kiporo kilicholala bila umeme, usikionee huruma



Juzi hapa Mabawa umeme ulikatika Jumamosi magharibi, ukarudi Jumapili alasiri. Friji ilikuwa na vibua nilivyonunua Deep Sea, maharage ya nazi na wali wa kiporo. Nilipotaka kutupa, mama mkwe akasema, "Mwanangu, si uchemshe tu? Chakula hakitupwi." Nikamjibu kwa adabu, "Mama, hiki leo tukitupe." Nilitupa, na iliniuma, maana pesa ya mboga ya siku tatu ilikwenda na maji.

Namwelewa mama. Sote tumelelewa tukiambiwa kutupa chakula ni israfu. Ila mimi nasema hivi: chakula kikishaharibika, israfu imeshatokea. Ukimpa mtoto unaongeza hasara ya pili, na hiyo ndiyo tunayoipokea sisi wodini.

Moto unaua wadudu wengi, sawa. Lakini kuna wadudu wanaoacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata uchemshe mpaka sufuria ikauke. Wali uliolala kwenye joto ni mmoja wapo. Vibua na jodari nao wakikaa kwenye joto wanatengeneza kitu kinaitwa histamini: mtu anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Kukaanga hakusaidii. Na usitegemee pua, si kila kilichoharibika kinanuka.

Shika hesabu hii. Friji isiyofunguliwa inatunza ubaridi kama masaa 4. Friza iliyojaa masaa 48, iliyo nusu masaa 24. Kwa joto letu la Tanga, na mpira wa mlango uliochoka, punguza hapo. Kwa hiyo umeme ukikatika, waambie watoto friji isiguswe. Maziwa uliyomkamulia mtoto yakishayeyuka yote, usiyagandishe tena.

Mwishoni mwa 2023 mgao ulitutesa nchi nzima. Bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha 2024 tukashusha pumzi. Lakini umeme hata ukitosha, upepo unaangusha nguzo, waya unakatika. Ndiyo maana naona tumeiamini friji kupita kiasi. Bibi zetu walinunua samaki wa siku hiyo, aliyebaki akatiwa chumvi akawa ng'onda. Tupike kinachoisha. Ukienda Mgandini, nunua cha leo na kesho, si cha wiki.

Na nyie akina baba, mkikuta mama katupa chakula, msimwambie anachezea pesa. Maneno hayo ndiyo yanayofanya kesho aogope kutupa.

Ikitokea mtoto anaharisha au anatapika, mnyonyeshe kama kawaida, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi na salama, mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, amelegea, anatapika kila kitu au choo kina damu, usingoje asubuhi. Mlete.

Haya, niambieni: kwenu umeme ukikatika, nani anaamua kiporo kitupwe au kiliwe?