Adabu si Adhabu

Mara nyingi twasikia mtu mzima, hasira zimempanda, akimwambia mtoto: "Leo nitakutia adabu!" Mtoto hangoji kufasiriwa. Hutazama mkono wa mkubwa wake aone umeshika nini. Msemo huu tumeuzoea hata hatuulizi tena: je, hiyo ndiyo adabu?

Waliopita chuoni wazijua herufi. Adabu huandikwa kwa alifu na dali. Adhabu kwa aini na dhali. Ni maneno mawili yasiyo na nasaba. Adhabu ni mateso. Adabu ni mwenendo mwema, na kwa jina hilo hilo Waarabu huiita fasihi yao. Hata karamu wanayoalikwa watu huitwa kwa neno la shina hilo.

Nasi Waswahili twamjua mwenye adabu. Hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi zake. Hutangulia kumwamkia mkubwa wake. Akila na wenziwe katika sinia moja, mkono wake haupiti mpaka.

Jambo hilo la sinia lina asili yake. Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), alikuwa akila huku mkono wake ukizunguka sahanini. Mtume alimfunza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Hakupigwa wala hakukemewa. Naye alisimulia baadaye kwamba tangu siku hiyo ndivyo alivyokuwa akila.

Wako watakaosema: "Sisi tulichapwa chuoni, na tumekuwa watu." Mwandishi huyu naye aliionja bakora. Alichobakiwa nacho kwayo ni kumbukumbu ya bakora. Kumpisha mgeni na kuteremsha sauti mbele ya wazee alikupata kwa mamake, aliyemwambia neno lile lile kila siku bila ya kuchoka.

Hatukatai kwamba kuadibu kuna kuonya na kurudi ndani yake. Lakini kuadibu ni kufunza kwanza. Viboko vilipopigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, baadhi yetu tulilalama kwamba adabu imekwisha. Tujiulize: ikiwa iliondoka pamoja na kiboko, ilikuwa imeingia lini katika moyo wa mtoto?

Basi tuyarudishe maneno mahali pake. Anayekusudia kuadhibu na aseme anaadhibu, ajue alifanyalo. Tukimwambia mtoto kila siku kwamba fimbo ndiyo adabu, atakua akiikimbia adabu yenyewe. Wazee walisema udongo upate uli maji. Na mfinyanzi huufinyanga kwa vidole, haupigi kwa rungu.