Katheta Iliyopotea Njia Isichomolewe kwa Pupa

Ni desturi ya binadamu, atambuapo kosa lake, kutaka kulifuta papo hapo. Katika utabibu ipo hali ambamo haraka hiyo yaweza kumuua mgonjwa.

Mgonjwa mahututi akihitaji dawa kali zisizofaa kupitishwa katika mishipa midogo ya mkono, daktari huingiza katheta, yaani mpira mwembamba, katika vena kubwa ya shingo, ya paja au ya chini ya mtulinga. Njia itumikayo sana ilielezwa na Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi mwaka 1953: sindano hutangulia, waya hupita ndani yake, sindano huondolewa, tundu hupanuliwa, kisha katheta hufuata juu ya waya. Hatari ni kwamba kila vena kati ya hizo imepakana na ateri.

Sindano nyembamba ikitoboa ateri ya shingo, kwa kawaida huondolewa na mahali pale pakakandamizwa. Katheta ni jambo jingine. Tundu lake ni pana, nayo damu ya ateri husukumwa kwa nguvu. Ikichomolewa, damu huweza kujikusanya shingoni na kuibana njia ya hewa, au mgonjwa akapatwa na kiharusi. Chini ya mtulinga hata kukandamiza hakufai, maana mfupa huikinga ateri na vidole.

Mwaka 2008 madaktari wa Montreal, Kanada, walitoa taarifa ya wagonjwa 13. Watano walichomolewa katheta na kukandamizwa. Wote walipata madhara makubwa, na mmoja alipatwa na kiharusi akafa. Wanane waliotibiwa mara moja, 6 kwa upasuaji na 2 kwa vifaa vilivyopitishwa ndani ya mshipa, walisalimika. Idadi ni ndogo, lakini funzo ni wazi: katheta iachwe ilipo, na mpasuaji wa mishipa aitwe.

Kinga bora kuliko hiyo inatoka katika darasa la fizikia. Rangi ya damu si shahidi wa kutegemewa, kwani mtu aliyepungukiwa na oksijeni damu yake ya ateri huwa na weusi kama ya vena. Kanieneo haidanganyi kwa urahisi hivyo. Kabla ya kupanua tundu, mpira mdogo uungwe na sindano na kuinuliwa wima. Damu ya vena kwa kawaida hupanda sentimita chache tu. Kanieneo ya ateri ikiwa milimita 90 za zebaki, damu ingepanda zaidi ya mita 1. Hata ikishuka hadi 50, ingepita sentimita 60. Picha za altrasaundi husaidia sana, lakini hazikiondoi kipimo hiki.

Basi mwanafunzi akokotoaye urefu wa safu ya zebaki asidhani kwamba anajiandaa kwa mtihani tu. Nazo hospitali zifundishazo zisitosheke na kufundisha namna ya kuingiza katheta. Zifundishe pia la kufanya inapopotea. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwema hujua pia namna ya kuliunga.